Joto la Vidole Juu ya Kibo: Mwongozo kwa Mpiga Picha

Kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua huchomoza upande wa Mawenzi, na mtu aliyesimama Stella Point, kwenye ukingo wa kreta ya Kibo katika Mlima Kilimanjaro, huona mawingu yaliyolala chini yake yakishika rangi ya chungwa. Rangi hiyo haikai. Mpiga picha aliyeondoka kambi ya Barafu usiku wa manane amepanda zaidi ya mita 1,000 gizani kwa ajili ya dakika hizo chache, na mara nyingi huzipoteza kwa jambo linaloonekana dogo: kidole cha shahada hakisikii kitufe. Anabonyeza asijue kama amebonyeza. Anajaribu kubadili betri, betri inamponyoka na kuzama kwenye kokoto. Kwa kukata tamaa anavua glavu zote mbili ili ashike vizuri, na kuanzia hapo mikono haimtii tena mpaka ateremke.

Anayejiandaa kwa safari ya namna hii huuliza kwanza: ninunue glavu gani? Ni swali la haki, ila limewahi mno. Mikono inayofanya kazi kwenye baridi hulindwa kwanza na kiwiliwili kilichokula na kuvikwa vizuri. Pili hulindwa na maandalizi yaliyofanywa mchana, hema likiwa bado lina joto, ili usiku vidole visibaki na shughuli nyingi. Glavu zinakuja nafasi ya tatu. Anayeanza nazo anaweza kutumia fedha nyingi na bado akateremka na vidole vyenye ganzi.

Ukubwa wa baridi yenyewe unakadirika kwa hesabu nyepesi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna mwinuko wa takriban mita 5,000. Kwa hiyo Moshi ikiwa na nyuzi 25, kileleni kuna nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Usiku wa Julai na Agosti, kipupwe kikiwa kimekolea, nyuzi 15 chini ya sifuri si jambo la ajabu.

Upepo ndio unaowadanganya wengi. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa wa kwanza kuupima kwa makini. Wakiwa Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940 walitundika chombo cha plastiki chenye maji na kupima muda ambao maji hayo yalichukua kuganda kwenye upepo wa kasi mbalimbali, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1945. Marekani na Kanada zilipitisha kanuni iliyorekebishwa ya kukadiria makali ya upepo mwaka 2001. Kwa kanuni hiyo, nyuzi 10 chini ya sifuri zikikutana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kama vile iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukingo wa kreta ni mahali pa upepo. Ndiyo maana mwongozaji mzoefu humwambia mgeni wake ajikinge nyuma ya mwamba kwanza, avute pumzi, ndipo afungue begi la kamera.

Si lazima mtu apande Kibo ili haya yamhusu. Wanaotoka vibandani kabla ya alfajiri kwenda Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, wana shida ileile. Uwanda wa Kitulo, kule juu ya Makete, hupata asubuhi za Juni na Julai ambazo umande huganda juu ya majani. Na Mkenya anayepiga picha za harusi huko Minnesota, ambako usiku wa Januari mara kwa mara hushuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, atavitumia vidole vyake kwa muda mrefu kuliko mpanda mlima yeyote, kwa sababu bibi harusi akishaiona theluji hataki kurudi ukumbini.

Kwa nini mikono ndiyo inayotangulia kushindwa? Mwili hufanya kama kaya iliyobakiwa na ndoo moja ya maji: ya kunywa na kupikia yatengwe kwanza, kufua kutasubiri. Joto linapopungua, ubongo, moyo na viungo vya ndani hulindwa, na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ngozi ya vidole hubanwa. Vidole ni vyembamba, vina ngozi nyingi kuliko nyama, kwa hiyo hupoteza joto haraka na hupewa damu kwa ubahili. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ustadi wa kushika vitu vidogo hupungua. Ikiendelea kushuka, hisi ya kugusa nayo hupotea.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa glavu hawalisemi. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kiganjani na kwenye kigasha, na kano zake hupita kwenye kifundo cha mkono. Kigasha kikipoa, vidole huwa vizito hata kama vimefunikwa. Ndiyo sababu kipande cha soksi ya sufu, kilichokatwa ncha na kuvaliwa kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, husaidia kuliko thamani yake. Kwenye kifundo mishipa iko karibu na ngozi, na mwanya kati ya glavu na mkono wa koti ndio mlango wa baridi unaosahauliwa na wengi.

Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza jambo ambalo wavuvi wa nchi za kaskazini walilijua kwa mazoea. Kidole kikiwekwa kwenye maji ya barafu, mishipa hubana, kisha baada ya dakika kadhaa hufunguka, damu hurudi, halafu hubana tena. Mzunguko huo hukinga nyama isife. Lakini hufanya kazi vizuri kwa mtu ambaye kiwiliwili chake kina joto. Aliyetetemeka usiku kucha, mwili wake hauna cha kugawa.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutulia kidogo. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Marekani na wa Uingereza zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mikononi na miguuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa asili ya Ulaya waliokuwa mazingira yaleyale, na kwamba vidole vyao huelekea kuchelewa kurudisha joto. Hili halihusiani na ushupavu wala mazoezi. Maana yake ni kwamba ratiba iliyoandikwa na mpiga picha wa Norway, inayosema mtu anaweza kukaa mikono wazi kwa dakika fulani, isichukuliwe kama ilivyo. Msomaji wetu afupishe muda, na aanze kuvaa mapema, kabla vidole havijaanza kuuma.

Basi kazi inaanzia tumboni. Kabla ya kuondoka kwenda kileleni, kambi nyingi huwapa wageni chai na biskuti, wengine uji. Mwinuko huua hamu ya kula, na wengi hunywa chai nusu kikombe na kuacha kila kitu kingine. Mpiga picha asiache. Uji wenye sukari na siagi ya karanga ni kuni za saa zinazofuata. Chupa ya maji moto iwekwe ndani ya koti, na chupa inayobebwa kwenye begi ipinduliwe mdomo chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Kofia inayofunika masikio, skafu ya shingo na koti la kukinga upepo huvipa vidole joto zaidi kuliko jozi ya ziada ya glavu, kwa sababu mwili usiohofia joto lake la ndani huachia damu iende pembeni.

Pombe kali, hata ikinywewa kidogo tu, hupanua mishipa ya ngozi na kumfanya mtu ahisi joto huku akilipoteza. Sigara hufanya kinyume, hubana mishipa ya vidole moja kwa moja. Vyote viwili visubiri hotelini. Dawa nazo zina neno. Wapandaji wengi humeza asetazolamaidi, inayofahamika zaidi kwa jina la Diamox, kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na mojawapo ya athari zake ni vidole kuchonyota. Mtu anaweza kudhani mchonyoto huo ni baridi, au, kwa hatari zaidi, akadhani baridi ni dawa. Kanuni ni kwamba kidole kinachochonyota lakini kinahisi mguso kina nafuu. Kisichohisi kitu kinahitaji kufunikwa papo hapo. Wanaotumia dawa za presha za aina ya beta-bloka, na wale ambao vidole vyao hugeuka rangi hata kwenye baridi ndogo, hali iliyoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, wazungumze na daktari kabla ya kulipia safari.

Baada ya mwili, kazi. Kila kitu kinachoweza kufanywa mchana kwa vidole vyenye joto kifanywe mchana. Kibati cha kuunganishia kamera na tripodi kifungwe kambini na kisitolewe. Kadi ya kumbukumbu iwe tupu na kubwa, isibadilishwe njiani. Lenzi ichaguliwe moja, ya kuvuta na kusogeza, ili isiwepo haja ya kufungua kamera kwenye upepo. Anayetaka nyota aweke fokasi kwenye kitu cha mbali kabla ya giza, abandike pete ya lenzi kwa selotepu, na usiku ahakiki mara moja tu kwenye skrini. Mipangilio ya alfajiri, yaani kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO, iwekwe kwenye kumbukumbu ya kamera ili iitwe kwa kugeuza kitufe kimoja. Kamera nyingi zina nafasi mbili au tatu za kuhifadhi mipangilio ya namna hiyo, na wenye kamera wengi hawajawahi kuzigusa.

Halafu kuna zoezi ambalo halina gharama. Mpiga picha avae glavu zote atakazovaa kileleni, azime taa ya chumba, na afanye kila jambo: kuwasha kamera, kubadili kipimo cha mwanga, kufungua mlango wa betri, kutoa betri, kuweka nyingine, kukunja miguu ya tripodi. Jambo linalomshinda sebuleni Dar es Salaam halitamwezekana kwenye mita 5,700, ambako oksijeni ya kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani na akili yenyewe imekuwa nzito. Likimshinda, alitafutie njia. Uzi mgumu uliofungwa kwenye kijilango cha betri, au gundi iliyodondoshwa kama tone dogo juu ya kitufe cha kurekodi video ili glavu ikitambue, ni mabadiliko ya dakika tano yanayookoa asubuhi nzima.

Rimoti ya waya au isiyo na waya inastahili aya yake. Kamera ikishasimama kwenye tripodi, rimoti inaweza kukaa ndani ya glavu kubwa, kiganjani, na mpiga picha akafyatua picha mia bila kutoa kidole nje. Anayetumia simu hana sababu ya kujinyima: kwenye simu nyingi kitufe cha kuongeza sauti hupiga picha, na spika za masikio za waya zenye kitufe hicho hufanya kazi ya rimoti. Skrini ya simu hutambua umeme mdogo wa ngozi, ndiyo maana glavu ya kawaida huifanya iwe kama kioo cha dirisha. Zipo glavu nyembamba zenye nyuzi za kupitisha umeme kwenye ncha za vidole, lakini kwenye baridi kali kitufe cha pembeni kina uhakika zaidi.

Chuma ni adui wa karibu. Tripodi ya alumini na glavu iliyo kando yake zinaweza kuwa na nyuzi zilezile, lakini alumini hupitisha joto kwa kasi kubwa sana, kwa hiyo huinyonya mikono bila huruma. Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa Robert Falcon Scott huko Antaktika mwaka 1910 hadi 1913, alikuwa akilenga picha alipolamba midomo na ulimi wake ukagusa sehemu ya chuma ya kamera. Ulinasa palepale, na alipouvuta ngozi ya ncha ikabaki kwenye chuma. Tripodi ya nyuzi za kaboni hupunguza tatizo lakini bei yake si ya kila mtu. Mwenye ya alumini anunue tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi, aikate iwe ukanda mrefu, na kuizungushia sehemu ya juu ya miguu miwili, pale mkono unaposhika. Mpira hupitisha joto kidogo mno, na unashikika hata ukiwa na unyevu. Sponji nyeusi inayofunika mabomba ya viyoyozi inafaa vilevile.

Sasa glavu. Mpiga picha avae tabaka tatu, kila moja ikiwa na kazi yake. Ya ndani ni nyembamba, ya sufu laini, hariri au poliyesta, ambayo haivuliwi hata mara moja nje. Ndiyo inayogusa vitufe na ndiyo inayozuia ngozi tupu isikutane na chuma. Ya pili ni nene, ya sufu au flisi. Ya tatu ni miteni, zile zinazoweka vidole vinne chumba kimoja na gumba peke yake, za kitambaa kisichopitisha upepo. Vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Vilivyotenganishwa kila kimoja hupigana peke yake. Kwa anayepiga picha, miteni zenye kifuniko kinachokunjuka nyuma ni bora kuliko zote, kwa kuwa hutoa vidole viwili vikiwa na glavu nyembamba, kisha hufunikwa tena mara moja. Ziwe na kamba ya kufunga kwenye kifundo. Glavu moja ikichukuliwa na upepo pale juu, safari ya picha imekwisha.

Zisibane. Hili linakosewa mara nyingi, mtu anarundika tabaka tatu za ukubwa uleule na kuufinya mkono mpaka damu inashindwa kupita. Tabaka la nje liwe kubwa kuliko mkono kwa saizi moja au mbili, na ndani mtu aweze kukunja ngumi bila kusikia mvuto. Hewa iliyotulia kati ya tabaka ndiyo inayokinga.

Pamba iachwe nyumbani. Hunyonya jasho na kulishika, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa sababu hiyo anayepanda kwa kasi hadi mikono ikatoka jasho anajiandalia baridi ya saa tatu baadaye. Mwendo wa pole pole unaohimizwa na waongozaji wa Kilimanjaro una faida hii pia: mikono hubaki mikavu. Akihisi joto, avue tabaka la nje kwa muda, alifunge kwenye kamba, asingoje kulowa.

Unyevu ni mbaya zaidi upande wa Rwenzori. Mwitalia Vittorio Sella alipokwenda huko mwaka 1906 na msafara wa Duke wa Abruzzi kupiga picha za vilele vya theluji vilivyoko kati ya Uganda na Kongo ya leo, alikutana na milima ambayo ukungu na mvua huifunika siku nyingi za mwaka. Pale nyuzi zinaweza kuwa mbili au tatu tu juu ya sifuri na mikono ikateseka kuliko kwenye baridi kavu ya Kibo. Anayekwenda Rwenzori abebe jozi tatu au nne za glavu za ndani badala ya moja, kila jozi kwenye mfuko wake wa plastiki, na iliyolowa aikaushe kwa kuiweka tumboni chini ya fulana wakati wa kutembea. Glavu nyembamba za hospitali za naitraili zikivaliwa juu ya zile za ndani huzuia maji ya nje. Jasho nalo hubaki humo, kwa hiyo ni za saa moja au mbili za mvua, si za usiku kucha.

Habari njema ni kwamba vitu hivi havihitaji kuagizwa Ulaya. Marobota ya mitumba hutoka nchi zenye theluji, na nguo za baridi ambazo jua la pwani haliziruhusu hujaa masoko ya Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi na Memorial pale Moshi. Mnunuzi asome lebo ya ndani atafute sufu, poliyesta au akriliki. Ile isemayo pamba tupu airudishe. Kisha apime kwa mdomo: aubane mdomo kwenye kitambaa cha nje na kupuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, na upepo wa kreta utapita. Aingize mkono hadi mwisho na kuhisi kama ujazo wa ndani umejikusanya upande mmoja, avute mshono kati ya gumba na shahada, mahali panapochanika kwanza. Moshi pia kuna maduka yanayokodisha vifaa vya mlimani, na miteni nene ni miongoni mwa vitu vya kukodi badala ya kununua kwa mtu atakayepanda mara moja.

Pakiti za kujipasha joto zina unga wa chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo. Zikifunguliwa hewa huingia, chuma hushika kutu kwa kasi, na kutu hiyo hutoa joto kwa saa sita hadi kumi. Kwa kuwa zinategemea oksijeni, mlimani hupata joto taratibu na hazifiki kiwango cha nyumbani. Zifunguliwe hemani, robo saa au zaidi kabla ya kuondoka, si pale mikono inapoanza kuuma. Mahali pake ni juu ya mgongo wa mkono au kwenye kifundo, kati ya glavu ya ndani na ya pili, ambako hazizuii kushika kamera. Kamwe zisigusane na ngozi tupu, hasa ngozi yenye ganzi, maana mtu ataungua bila kujua. Ikibaki na nguvu baada ya picha, pakiti ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa na itasimama mpaka ifunguliwe tena. Pakiti moja ya ziada ikiwekwa kwenye mfuko wa ndani wa koti pamoja na betri za akiba, italinda vyote viwili, kwa kuwa betri za lithiamu nazo hupoteza nguvu zinapopoa.

Kileleni penyewe mtindo wa kufanya kazi ni mfupi. Kujikinga kwanza. Kufunua vidole viwili, kupiga picha tano au sita, kufunika. Kisha kuzungusha mkono mzima duara kubwa kutoka begani, mara ishirini au thelathini kila upande, ili damu isukumwe hadi ncha za vidole. Watu wataangalia, waangalie. Mkono usiofanya kazi ukae kwapani. Mpiga picha asipulizie pumzi kwenye viganja wala ndani ya glavu, kwa sababu joto la pumzi hupita mara moja na unyevu wake hubaki.

Kila baada ya muda mfupi agusanishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Ikishindikana, upigaji picha umekwisha kwa asubuhi hiyo. Vitabu vingi vya kaskazini husema kidole kilichoganda huwa cheupe au chekundu, maelezo yasiyomsaidia mwenye ngozi nyeusi. Kwake dalili ni rangi ya kijivu iliyofifia, ngozi ngumu kama nta, na zaidi ya yote maumivu yaliyokoma ghafla bila mkono kupata joto. Maumivu ni habari nzuri. Kunyamaza kwake ndiko kunakotisha. Kidole cha namna hiyo hakisuguliwi, hakipelekwi kwenye moto wala jiko la gesi. Huwekwa kwapani au tumboni kwa mwenzake, na mtu huteremka. Kikiwa kigumu kweli, kisiyeyushwe njiani ikiwa kuna uwezekano wa kuganda tena. Matibabu yake ni maji ya nyuzi 37 hadi 39 mahali salama, chini ya uangalizi, na Moshi kuna hospitali ya rufaa ya KCMC.

Wakati wa kurudi hemani au kibandani kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado nje, kwani hewa ya joto yenye unyevu hutonesha maji juu ya lenzi baridi. Mikono nayo iingie polepole. Kikombe cha chai kishikwe kwa glavu, mpaka hisi irudi.

Lipo jambo moja la mwisho, na linahusu mikono ya watu wengine. Tripodi ya mpiga picha mara nyingi hubebwa na mwongozaji msaidizi au mpagazi, ambaye anaweza kuwa amevaa glavu nyembamba kuliko zote kwenye kundi, na ndiye anayeshikilia miguu ya alumini upepo unapovuma wakati mwenye kamera akitafuta fremu. Anayepanga vifaa vyake ahesabu jozi ya mtu huyo tangu mwanzo, ampe kambini jioni, si kileleni baada ya kuombwa. Baada ya safari, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, wenye ofisi Moshi, hupokea nguo za mlimani na kuwaazima wapagazi bila malipo. Miteni zilizotumika mara moja zina miaka mingi ya kazi mbele yake pale. Zifuliwe, zikaushwe hadi ndani, na kila jozi ifungwe pamoja kwa kamba kabla ya kupelekwa.